Kituo cha Saa, Kisesa

Mama hakujua kuendesha hata baiskeli,
lakini mwaka ule Simiyu ilipofurika
walimpa meza, mwavuli, muhuri wa posta
na saa mbili zilizopigwa lakiri
asije mtu akazibembeleza.
Hivyo Kabula, karani wa stempu,
akawa hakimu wa Mbio za Ziwa.

Kanuni aliisoma hadi ikawa sala:
anayechelewa dakika, pointi moja;
anayewahi dakika, pointi mbili.
"Kuwahi nako ni kosa?" aliuliza mlinzi wa ghala la pamba.
"Basi aliyetunga hajawahi kuachwa na kivuko."

Yakaanza kuingia umande ukiwa bado juu ya mawe.
Kwanza Pijo yenye chapa ya simba,
gari la madaktari na makatibu tarafa,
leo limebandikwa namba ubavuni
na halimjui mgonjwa wala mheshimiwa.
Kisha Volvo, mabega matupu.
Kisha Ford fupi, inaruka kama panzi,
taa zake nne zimezibwa na wadudu wa ziwani.
Watoto wa shule waliyatambua kwa masikio,
wakawekeana dau la miwa:
"Gia ya nne hiyo."
"Ya tatu! Husikii anavyoiumiza?"

Wajapani, watu walisema, waachiwe redio.

Ndipo ikatokea Datsun ya Harbhajan Virdi,
fundi wa mitambo ya kuchambulia pamba,
haina kioo cha mbele,
tope jeusi la mbuga limepanda hadi kwenye kilemba,
na msoma ramani wake, Lugembe,
amekumbatia daftari ndani ya shati
kama aliyeokota kichanga njiani.

Walikuwa wamewahi dakika tatu.

Gari likasimama nje ya kibao cha njano.
Injini inatweta. Bomba linadondosha moto.
Virdi akashuka, akafungua chapati kwenye gazeti,
akala taratibu, akimtazama mama.
"Dada, saa yako imelala?"
"Iko macho. Wewe ndiye unayeota."
Nimesimuliwa haya mara mia
na kila mara mimi hubaki hapohapo:
mtu mwenye kasi kuliko wote
kati ya Magu na Jiwe la Bismarck
anatafuna, anangoja mkono wa mwanamke
aliyekuja kazini kwa miguu.

Gonga.
Saa moja na dakika arobaini na moja.

Hakushinda. Kabla ya Usagara jiwe lilipasua sampu,
oili ikachora mstari mweusi barabarani,
na mstari ulipokoma, nayo injini ikakoma.
Aliyeshinda simkumbuki, wala mama.

Boneti iliishia Mwaloni, ikaanikiwa dagaa.
Milango sijui. Viti vilikaa kwa kinyozi wa Mabatini
hadi sponji ikaisha.
Injini Virdi aliifungua na kuifunga mwaka mzima,
kisha akahama, akamwachia Lugembe,
naye akaifunga mkanda, Nyakato,
izungushe mashine ya kusaga:
SEMBE. DONA. HAKUNA MKOPO.
(Siku petroli ilipopatikana, lakini.)

Asubuhi moja mama alifika na debe lake kichwani
kabla mlango haujafunguliwa.
Lugembe, nyusi zote unga, akachungulia,
akatazama saa ya mkononi isiyokuwepo.
"Karani! Umewahi dakika tatu. Pointi mbili mbili, ni sita.
Ngoja nje ya kibao."

Akangoja. Alikuwa na nauli ya kurudia tu
na kiwi cha kicheko kooni.
Ndani, mtu alivuta kamba, mara ya kwanza, ya pili,
injini ikakohoa, ikashika,
ikapanda, ikapanda,
na mama, debe bado kichwani,
akasema kwa sauti, peke yake:
"Ya tatu hiyo. Anaiumiza."