Kilichobaki Kwenye Chekeche

Otylia hukata uzi wa nailoni
milimita tatu, milimita tatu,
mpaka meza inajaa kitu kama manyoya
na hathubutu kupiga chafya.

Huu ni mji wa Łódź. Jina lake maana yake mashua,
ila bahari haijawahi kufika hapa.
Palikuwa na viwanda vya nguo,
na mama yake, Genowefa, alisimama miaka ishirini na sita
kati ya mitambo ya kufuma,
akirudi nyumbani na vumbi la pamba kwenye kope.

Plastiki yenyewe inatokana na mahindi.
Nyeupe, safi, ina adabu:
ukiizika, inaoza kama sisi.
Ila haina moyo. Ikunje kidogo tu, ta!
imevunjika kama biskuti.
Basi wanaiyeyusha kwa nyuzi joto mia na themanini,
wanamimina nyuzi juu ya nyuzi
(lugha yangu inacheka hapo, yao haicheki),
mashine inakoroga kwa parafujo mbili
na kutapika vipande vyenye umbo la mfupa.

Mfupa unabanwa huku na huku, unavutwa.
Kamba hukatikia pembamba, lakini tazama:
ufa unaanza, unatembea, unakutana na uzi,
unasita.
Uzi umeng'ang'ania kuta zote mbili
kama mtu aliyezuia mlango wa lifti
kwa ajili ya jirani asiyemjua.
Daktari Wieczorek anapiga meza: "Nguvu mara mbili!"
Keki ya jibini inakatwa.

Siku ya tisini Otylia anafukua mboji.
Sahani imekwenda. Kijiko kimekwenda.
Kwenye chekeche, baada ya maji kupita,
kimebaki kishungi cheupe,
milimita tatu, milimita tatu,
hakuna hata uzi mmoja uliofupika.

Anaziokota kwa kibanio, akihesabu
mpaka mia nne na kumi, kisha anaacha.
Anakumbuka kitana cha mama pale hospitalini,
na ile picha ya eksirei, mapafu yenye ukungu.
Pamba huoza, alisema daktari,
lakini si ndani ya mtu.

Fomu ina visanduku viwili tu:
imeoza, haijaoza.

Nje theluji imekuwa tope, tramu inapita.
Anachukua bahasha, anakitia kile kishungi,
anaandika tarehe,
na kuiacha mezani pa Wieczorek,
juu ya sahani ya keki
ambayo mpaka leo hakuna aliyeiosha.