Godoro la Ukurasa wa Tatu

Mtaa wetu uliitwa Ponda Mali,
nusu ya msemo.
Nusu ya pili hakuna aliyeitaja
mpaka Januari ile.

Nilikuwa na miaka tisa na bado nakojoa kitandani,
siri ya nyumba. Mama alilianika godoro nyuma ya choo,
ambako jua la saa tano hufika bila mashahidi.

Redio ya baba, betri zimefungwa kwa mpira,
ilisema: "Nyumba kadhaa zimeteketea Nakuru."
Mama akaguna.
Wiki moja kabla nilikuwa nimemwambia,
"Kikombe kimevunjika,"
naye akaniuliza, "Kimejivunja?"
Sasa akaigeukia redio:
"Zimejiteketeza?"
Redio ikahamia hali ya hewa,
manyunyu magharibi, jua kwingineko.

Usiku walikuja.
Mimi sikuwajua. Watu wazima waliwajua
kwa jinsi walivyotamka jina la baba.
Tulitokea dirishani. Mjomba Musundi akarudi ndani,
mama anamlilia aache,
akatoka na kitu kimoja tu kichwani.
Si mkebe wa vyeti. Si cherehani.
Godoro langu.

Tulilala uwanja wa maonyesho, kwenye banda la ng'ombe,
kibao cha "Mshindi wa Kwanza" bado kimepigiliwa ukutani.
Siku ya nne mtu akaleta gazeti,
likapita mikono mingi hadi likalainika kama kitambaa.
Ukurasa wa tatu: Mjomba Musundi,
mdomo wazi, jicho moja limefumbwa na moshi,
na chini yake herufi ndogo:
"Mporaji akitoroka na godoro, Ponda Mali."

Doa lilionekana.
Lile kubwa, umbo la ini, upande wa kushoto,
karibu na kona iliyoliwa na panya.
Nililijua kama mtu ajuavyo mwandiko wake.
Nikasema, banda zima likinisikia,
"Hilo ni kojo langu!"

Walicheka. Hatukuwa tumecheka tangu mwaka uishe.
Mjomba hakucheka. Aliukunja ukurasa, akautia mfuko wa shati,
na kila askari alipopita
mkono wake ulikwenda mfukoni, ukarudi mtupu.
Utamwonyeshaje mtu doa la kojo
umwambie ndiyo hati ya kumiliki?

Ningeishia hapo ningekuwa najisifu tu,
mtoto aliyejua kuliko gazeti.

Ukurasa ulikuwa na picha mbili.
Ya pili: mwanamke, leso kiunoni, anakimbia,
sufuria ndani ya sufuria, mwiko unachungulia.
Baba alisema, "Mwizi. Ndio hao."
Nikatazama,
nami, mwenye godoro, niliyekuwa nimetoka kucheka,
nikaona mwizi.
Sikuuliza masizi yale ni ya jiko la nani.
Sikuutazama mwiko, kama umelika upande mmoja
kwa kusonga ugali miaka ishirini
kwa mkono uleule.

Mjomba alizikwa Lugari, mwaka juzi, mwezi wa mahindi mabichi.
Shati tulilikuta kwenye msumari, na ukurasa ndani yake.
Alikuwa ameukunja picha kwa picha, uso kwa uso,
na muda huo wote, kifuani mwake,
wino wa sufuria ulikuwa ukihamia kwenye godoro,
doa langu likipanda leso ya yule mama.

Jina lake halikuandikwa. La mjomba pia halikuandikwa.
Nimeuweka mezani, nimewasha taa mchana.
Mikunjo imekula mguu wake mmoja na nusu ya uso.
Mwiko bado unachungulia.