Yanazoleka

Wahenga wetu walisema maji yakimwagika hayazoleki.
Nadhani hawakuwahi kukaa Ibra mwezi wa saba.

Mimi huyazoa.
Hupiga magoti jikoni, kanga kuukuu mkononi,
nikayafuata mpaka chini ya friji,
nikayakamulia ndani ya ndoo nyekundu,
na yale ya mwisho, machafu, yenye punje ya mchele na unywele,
yana mwenyewe: mndimu ulio nyuma ya ukuta,
ambao hauna kinyaa.

Nilizaliwa Wete, ambako mvua haipigi hodi.
Inaingia tu, na viatu vyake,
inakaa juma zima, mgeni asiyepewa jembe.
Kule tulikinga maji kwa kuchezea.
Huku nimejifunza kusikiliza.
Bomba linalovuja lina sauti yake ya usiku:
tone,
kisha kimya cha kuhesabu mpaka nne,
tone.
Zahran hugeukia ubavu wa pili. "Lala, Ghaniya, ni tone tu."
Nami huamka nikaweka bilauri.
Alfajiri imejaa. Ndiyo chai yake.
Simwambii.

Nyumba hii wananiita Mama Ndoo.
Chini ya kiyoyozi cha sebuleni, ndoo.
Chini ya kile cha chumbani, beseni lililopasuka ukingo.
Maji ya kiyoyozi hayana ladha wala ukoo,
ni jasho la hewa;
napigia deki, naoshea choo.
Ya kukoshea mboga ni ya mrehani.
Udhu wangu ni birika moja,
na hata mtoni ingekuwa birika moja.
Mwanangu Muhannad akipiga mswaki hufungulia bomba lote,
kama anayetapanya urithi wa mtu mwingine.
Nimemwekea kopo. Ananuna.
Hilo latosha kinywa, baba,
hata kinywa chenye maneno kama chako.

Mwaka huu, mwezi wa nne, wadi ikashuka.
Mvua ya usiku mmoja juu ya majabali,
na asubuhi maji ya rangi ya chai ya maziwa
yakapita na mlango wa gari, na mbuzi,
na mtungi wa gesi wa mtu.
Barabara ikakatika pande mbili.
Umeme ukaenda, viyoyozi vikaacha kutoka jasho.
Mabomba yakakohoa, yakanyamaza.
Lori la maji tuliliona ng'ambo,
dereva amesimama juu ya tangi lake, mikono kiunoni:
maji yake kule, maji ya Mungu katikati,
na sisi huku, tunalamba midomo.

Siku ya pili akaja Shinuna wa nyumba ya jirani,
yule anayeosha gari kwa mpira kila Alhamisi
mpaka njia nzima inakuwa kioo.
Amebeba sufuria, ameifunika kwa mtandio.
"Una akiba?"

Maneno nilikuwa nayo. Wallahi nilikuwa nayo,
miaka sita nimeyakinga,
yamefika ukingoni.
Nikayafunga kama ninavyofunga bomba:
taratibu, mpaka mwisho,
kisha nikatazama kama panavuja.
Pakavuja kidogo.
"Ya kunywa yako kwenye madumu, chini ya ngazi.
Ya ndoo ni ya kufulia. Gari lisubiri."
Akacheka kwa pua. Nikacheka na mimi.

Tukalibeba dumu pamoja, yeye mkono huu, mimi ule,
halina kifuniko, Muhannad alikipoteza zamani,
tukienda kwa mwendo wa maharusi.
Mlangoni kwake mguu ukateleza, sijui wangu au wake,
yakamwagika, si mengi, ya kujaza bakuli,
yakaanza kukimbilia upenuni kwenye vumbi.

Tukatazamana.

Akavua mtandio, ule wa hariri, wa harusini,
akapiga magoti.