Nyuzi Tatu Chini ya Sifuri

Watu wa mbali hudhani baridi kali ndiyo adui.
Elle-Risten hucheka. Nyuzi ishirini na nne chini ya sifuri,
anga kavu kama mfupa, droni huruka bila kinyongo.
Uogope, asema, upole wa nyuzi tatu,
ukungu unaokulamba shavu kama ndama,
maana ndani yake mna maji yaliyosahau kuganda,
yanatafuta tu pa kukumbukia.

Asubuhi ile yalikumbukia kwenye rafadha.

Nilishika rimoti, glavu moja mfukoni.
Kwenye skrini, kulungu wa theluji mia mbili na kumi na mmoja
wakishuka bondeni kama punje za ulezi juu ya shuka.
Betri asilimia sabini. Nikamwambia, bado tuko salama.
Yeye hakutazama skrini. Alitega sikio.
"Inaimba kwa pua," akasema. "Irudishe."

Mimi sikusikia kitu. Nilikuwa nahesabu.

Huko juu, ukingo wa mbele wa kila panga
ulikuwa ukiota ndevu, unywele kwa unywele,
nyeupe, zenye kukwaruza, mithili ya ukoko wa sufuria;
na hewa, iliyozoea kuteleza mgongoni,
ikajikwaa, ikamwagika, ikaacha kubeba.
Mota zikakaza misuli.
Sabini ikawa hamsini na mbili,
hamsini na mbili ikawa thelathini
kabla sijameza mate.
Haba na haba, na kibaba kilikuwa kikijaa uzito.

Kisha panga moja likatupa mzigo wake,
jingine likang'ang'ania lake.
Hapo hata mimi nilisikia: mtetemo,
gurudumu lililopoteza nati,
na droni ikapinda shingo
ikaja chini bila kuomba njia.

Jovnna alikuwa akifunga kamba ya sleji.
Ilianguka hatua mbili kutoka kisogo chake.
Akageuka, akaitazama, akamalizia fundo.

Elle-Risten akavua glavu, akapitisha kidole gumba
kwenye panga lililobaki na barafu yake,
akabandua gamba jembamba, lenye umbo la panga lile lile,
akaniwekea kiganjani.
Halikuwa zito. Hilo ndilo lililonitisha.
Likayeyuka nikiwa bado natafuta la kusema.

Kulungu waliosalia tuliwahesabu kwa miguu,
sisi watatu, ukungu magotini.
Tulipofika mia tatu na nane
Jovnna alisimama ghafla katikati ya theluji,
akapapasa kisogo.