Nukta Mbili

Miaka thelathini na mmoja nimekaa kiti kile kile
mlangoni mwa bafu letu la umma, Hirosaki,
nikipokea sarafu, nikitoa taulo,
na juu ya kichwa changu kibao alichokipigilia baba mkwe:
*Mwenye mchoro mwilini asiingie.*
Sikukiandika mimi. Nilikipangusa tu, kila Jumatatu.

Mwaka jana damu ilianza kunitoka bila kuaga.
Ngazi sita za kushukia kwenye tanuri zikawa mlima.
Wakanichungulia kwa juu: tumbo zima.
Wakanichungulia kwa chini: utumbo mpana mzima.
Nikamezeshwa kidonge chenye jicho na taa,
kikapita humo gizani kikipiga picha elfu hamsini,
na katika hizo, tatu
zilikuwa na wekundu.

"Ipo," alisema Daktari Nukui, "ila sijui ni wapi."
Maana utumbo mwembamba hauna nguzo za maili.
Ni mita kadhaa za njia isiyo na jina la mtaa;
ukidhani umefika, umejikunja upya.

Akaingia na mrija mrefu wenye maputo mawili:
moja likajaa, likashika ukuta,
jingine likalegea, likasogea,
jaza, vuta, legeza, sukuma,
utumbo ukirundikana juu ya mrija
kama mkono wa koti unavyopandishwa kiwikoni.
Mimi nilikuwa usingizini. Haya nimesimuliwa
na muuguzi Orikasa, ambaye mama yake huoga kwetu.
Saa moja na robo, na bega la daktari likiuma.
Wakaukuta: uvimbe kama zabibu, ukivuja taratibu
kama bomba letu la pili, upande wa wanawake.
Haukuwa wa kuondolewa kwa mrija.
Daktari akaomba wino.

Kwanza maji ya chumvi, chini ya utando, painuke kidogo.
Ndipo wino mweusi wa makaa, tone kwa tone,
sindano isije ikatoboa ukuta hadi nje.
"Ebata akifungua tumbo," alisema,
"ataona utumbo mtupu, wote unafanana.
Huu weusi utamwita."

Kisha wakasonga mbele hadi mrija ulipogoma,
na pale pia wakatia nukta,
kuwaambia watakaopanda siku nyingine kwa njia ya chini:
sisi tuliishia hapa.

Nilipoamka nikaonyeshwa picha,
madoa mawili kwenye waridi langu.
"Yatafutika lini?"
"Hayafutiki, mama."

Mkuki kwa nguruwe.

Nikamkumbuka yule dereva wa lori,
Februari ya theluji ya kiunoni,
viatu tayari mkononi, na chini ya kiwiko
jina la mtoto, Nagi, herufi moja tu,
na tarehe mbili zilizokaribiana mno.
Nilimwonyesha kibao kwa kidole, hata kinywa sikufungua.
Akainama, akavaa viatu, akarudi kwenye baridi.
Naye alikuwa ametia alama
asije akapapoteza mahali.

Ebata alikata sentimita kumi na mbili.
Nukta ya kwanza iliondoka na uvimbe wake, ndani ya chupa.
Ya pili ninayo.
Naingia nayo majini kila usiku tukishafunga.
Kovu la upasuaji linaruhusiwa;
kibao hakisemi neno juu ya kovu.
Ila ndani zaidi, nisipoweza kupaonyesha kwa kidole,
nimechorwa mwisho wa safari
ya watu walionitafuta.

Kibao? Kipo. Mume wangu anasema ni mbao nzuri ya mwerezi.
Jumatatu hii sikukipangusa.
Lori likipunguza mwendo pale kona ya posta
nasimama, taulo mkononi,
nasoma namba zake mpaka zipotee.