Yai la Tatu

Nilichoka kukisia.
Ratiba ya ukutani inasema alfajiri,
reli inasema ikifika imefika.
Mara tatu nimechemsha mayai ya abiria
yakaishia kwa mbwa wa stesheni;
mara moja imeingia Moshi
mimi bado nasaka kiberiti.

Ndipo nikaenda kwa Temba, nyuma ya Memorial,
pale redio zinapolazwa kifudifudi, matumbo wazi.
"Nataka inayosikia treni."
Hakucheka. Alifuta mikono, akauliza kama daktari:
"Treni yenu inaongea kizamani au kidijitali?"
Nikamwambia inaongea kama mtu mwenye mafua.
"Basi ni kizamani. Usinidanganyikie hii,"
akairudisha rafuni skana yenye kioo king'avu,
bei yake mbuzi wawili, na mmoja ana mimba.
"Chukua hii."
Nyeusi, nzito, kona imeliwa na panya au na miaka,
mfuniko wa betri umebanwa kwa raba ya kufungia noti.

Nikatafuta kitufe cha kusemea.
"Hakuna, mama. Hiyo ni sikio tupu.
Mdomo una vibali vyake."

Usiku, Njoro, mezani,
Elinami wa dada yangu ameshika karatasi,
mimi nimeshika mashine kama kuku wa kuchinjwa.
"Bonyeza, usiachie. Andika moja. Tano."
(Namba zilizobaki sizitaji, zina wenyewe.)
Nikasahau nukta, ikalia kama kifaranga.
Nikarudia. Nikahifadhi chaneli ya kwanza,
kumbe nimehifadhi ya tisini,
tukaitafuta nusu saa kama pete kwenye unga.

Kisha kile kirungu cha kuzima mkwaruzo:
ukikikaza, hata neno la kweli linafungiwa nje;
ukikilegeza, nyumba inajaa mchanga.
"Tafuta katikati," anasema mtoto.
Katikati ni unene wa ukucha.

Wa kwanza kuingia alikuwa rubani
anashuka KIA, anaomba habari za upepo.
Halafu mlinzi wa miwa, anaomba sigara.
Halafu hapana kitu.
Nikaunga waya kwenye antena,
nikaupitisha dirishani, juu ya bati,
nikaulaza kuelekea Kahe.

Saa nane na robo:
"Moshi, Moshi. Lembeni tumeiacha."
Elinami alikuwa amelala. Nilipiga makofi peke yangu.

Tangu hapo mbwa wamekonda.
Wakitaja Kisangara, nateka maji.
Wakitaja Kahe, nawasha jiko.
Treni ikipiga honi, chumvi iko kwenye vijikaratasi,
wenzangu wananiuliza ninaota nini.

Sikujua kwamba sikio likifunguliwa
halichagui cha kupokea.

Usiku wa Jumatano ya mvua, sauti ya dereva,
ile yenye mafua:
"Moshi, kuna simu yoyote kutoka kwangu?
Yangu imezima tangu Korogwe."
"Bado, Mngulwi. Hawajapiga."
Kisangara akauliza tena. Bado.
Kahe hakuuliza.
Kidole kilisahauliwa juu ya kitufe,
nikasikia injini, nikasikia mtu anapumua,
muda mrefu, kama anayehesabu mataruma.

Nikanyoosha mkono kuzima. Sikuzima.
Maji yakachemka yakamwagika.

Alishuka na koti la mvua, mrefu kuliko sauti yake.
"Nipe mawili. Chumvi kidogo."
Ningeweza kusema. Ningesema nini?
Ya kwamba nimelala na pumzi zake mezani,
kati ya sukari na kibatari?
Nikamfungia.

"Mbona matatu? Nimelipia mawili."
"Hilo lina ufa," nikasema, "halina bei."

Akalipeleka chini ya taa ya stesheni,
akaligeuza, akaligeuza tena,
akitafuta ufa.