Shimo la Idudi

Naluwerere, saa nane usiku. Tairi la nane limepasuka.
Balikowa analifungua kwa nyundo na matusi,
nami nahesabu risiti juu ya boneti:
mzani wa Magamaga, dizeli ya Jinja,
na ndani ya kila lita, shilingi ya barabara
niliyokwisha kuilipa kabla gurudumu halijazunguka.

Sasa wanasema litajengwa lango la kulipia.
Tajiri wangu, Kirunda, anafoka kwenye simu:
"Ng'ombe mmoja, akamuliwe mara ngapi?"

Mimi sikatai.
Naujua uzito wa ekseli zangu sita,
nimeiona lami ikibonyea nyuma yangu kama godoro la gesti.
Aipondaye njia na aichangie.

Ila shimo la Idudi nalo ni lango.
Halina kizuizi, halina karani.
Limeninyang'anya springi mbili, matairi matatu,
na ule usiku mwanangu alipolazwa, nami nikakwama hapo hadi alfajiri.
Risiti halitoi.

Haya, jengeni lango lenu.
Lakini hili lizibeni kwanza.

Balikowa anacheka, anajifuta grisi kwenye suruali:
"Wakiliziba, bwana, mimi nitakula nini?"